Ile silikoni nyekundu ni yangu

Naona ile video ya mimi kumgombeza fundi gereji imeshafika mpaka kwa mama mkwe, kwa hiyo ngoja niongee mwenyewe. Jamaa aliyerekodi (nilimwomba arekodi, nakiri) kaisambaza kuanzia pale ninapoanza kukohoa. Dakika tatu za mwanzo, ambazo nilikuwa nahutubia kama wakili, kazikata. Mshenzi yule.

Mnakumbuka gari langu, Toyota IST, lilishushwa injini mwezi jana. Ringi mpya, metali mpya (beringi laini za ndani ya injini), moshi ukaisha, nikawa napita mtaani vioo chini ili watu wasikie ukimya. Kufika kama kilomita 700 hivi, taa nyekundu ya oili ikaanza kunikonyeza kwenye foleni ya Shekilango. Injini ikiwa ya moto na nimesimama, inakonyeza. Nikikanyaga mafuta, inatulia. Nikapima oili kwa kijiti, imejaa. Nikaamua ni waya tu. Nikaichapa dashibodi kofi, taa ikazima, nikajiona fundi. Nyie mnaochapa rimoti makofi msinicheke.

Jumatatu, juu ya Daraja la Kijazi, nikasikia ngo, ngo, ngo. Nikiachia mafuta, ngo... ngo. Nikikanyaga, ngongongongo. Konda wa daladala akachomoza kichwa: "Bosi, umebeba mashine ya kukoboa?" Nikazima pale pale. Nikavutwa kwa kamba mpaka gereji, nimeshika usukani na hasira.

Hasira za nani? Za fundi, za nani tena! Injini ya mwezi mmoja! Nikamleta shemeji awe shahidi, nikamleta mjumbe wa mtaa aje na daftari lake, na huyo jamaa wa kushika simu. Nikaongea. Nikasema mafundi wa mjini wanafunga injini kama wanafunga maandazi kwenye gazeti. Hiyo sentensi niliiandaa tangu usiku, na ndiyo iliyokatwa.

Fundi kimya. Akachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye injini, mpini sikioni, kama nesi anayesikiliza mimba. Akawasha kidogo. Akachomoa waya wa koili ya kwanza: ngo ile ile. Ya pili: ngo. Ya tatu, mlio ukanywea. "Konrodi namba tatu," akasema, akazima. Konrodi ni ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, mhimili wa injini. Yaani pistoni isipochoma haiikandamizi konrodi kwa nguvu, ndiyo maana kelele inapungua. Elimu hii nimeilipia, nyie chukueni bure.

Oili ikamwagwa kwenye beseni. Inametameta, vichembe vya rangi ya fedha vinaogelea kama pambo la kope za bi harusi. Akapitisha sumaku, havikushika. "Siyo chuma, ni metali za konrodi hizi. Zimekosa oili."

"Mjumbe umesikia!" nikapaza sauti. Mjumbe akaandika.

Fundi akalala chini ya gari kufungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Boliti ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu ilipolegea, nikakumbuka Ijumaa.

Hapo naomba mnivumilie. Ijumaa ile ya kufunga injini, fundi alisafisha sampu, akaiweka juu ya kitambaa, akaenda msikitini. Akasema akirudi anaipaka silikoni, ile gundi ya kuzuia oili isivuje, na kufunga. Dogo, saidia fundi, kaenda kutafuta chipsi. Nimebaki mimi na sampu. Na mfukoni nina tyubu niliyonunua Kariakoo, nyekundu, muuzaji kaapa ni ya magari ya mashindano. Silikoni ya fundi ni ya kijivu, na huwa anapaka uzi mwembamba tu. Mimi niliona huo ni ubahili. Nikapaka kama dawa ya meno kwenye mswaki wa tembo. Nikapachika, nikakaza, iliyovimbia nje nikaifuta kwa petroli, pakapendeza kabisa. Iliyovimbia ndani, nani ataiona? Dogo aliporudi nikampa ya soda, nikamwambia: fundi akiuliza, umefunga wewe.

Sasa sampu inashuka. Polepole. Shemeji kainama. Mjumbe kainama na kalamu. Jamaa kasogeza simu. Fundi akaingiza kidole kwenye chujio, ule wavu unaokaa chini kabisa ambao pampu ya oili inanyonyea, akavuta. Kikatoka kitu kama mnyoo. Chekundu. Akavuta kingine. Kingine tena, kirefu, kinaning'inia kinatona oili. Akavipanga juu ya gazeti kimoja kimoja kama anauza dagaa. Vilikuwa saba.

"Chujio limeziba, oili ilikuwa haipandi," akasema. Halafu akamgeukia dogo. "Sampu si ulifunga wewe?"

Na mimi, ndugu zangu, nilinyamaza. Nilitazama bati la gereji. Niligundua lina matundu mengi. Dogo naye hakusema neno, akanitazama tu, kama mtu anayehesabu ile soda ilikuwa ya shilingi ngapi. Kisha akatembea taratibu mpaka kwenye gari langu, akafungua mlango wa dereva, akaingiza mkono kwenye mfuko wa mlango na kutoka na tyubu nyekundu, imekunjwa mkiani vizuri. Niliibakiza nigundishie viatu.

Ndipo nikakohoa.

Mjumbe akauliza kwa upole, "Sasa hapa niandike jina la nani?"

Mengine ni mafupi. Konrodi moja, metali seti nzima, krenki imekwenda kuchongwa, pampu mpya. Bei siitaji kwa sababu mke wangu anasoma hapa. Dogo nimemwomba radhi, kasema hana neno ila soda ipande kuwa kuku. Mjumbe kadai nauli ya kuja na ya kurudi, na anaishi nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Gari linafungwa Ijumaa hii. Fundi kanipigia mwenyewe: nisikanyage gereji mpaka Jumamosi.