Ukiunguza malisho ya watu kwa gari lako, nani analipa?

Septemba mwaka jana mimi na shemeji tuliiacha barabara ya Longido, tukakata nyikani kumfuata fundi wa kisima. Majani yalikuwa yanagusa bampa. Tuliposimama hazikupita dakika tano, shemeji akasema ananusa kitu kinaungua. Niliinama: juu ya ekzosi kulikuwa na furushi la majani makavu linafuka, na chini yake moto umeshaanza kutambaa. Tulimwaga maji yote ya kunywa, tukapiga kwa matawi. Gari lilipona. Olopololi ya boma la jirani haikupona.

Olopololi ni malisho ambayo Wamasai huyatunza kwa ajili ya ndama na ng'ombe wagonjwa, kiangazi kikikaza. Mzee wa boma alikuja na fimbo yake, akatusalimia kwanza, akaitazama ile sehemu iliyogeuka nyeusi. Kisha akauliza: "Sasa ndama watakula nini mpaka mvua?"

Nilirudi Arusha nikiwa na uhakika bima italipa. Wakala aliniuliza mambo mawili tu. Kuna mtu aliyeumia? Hakuna. Ilikuwa barabarani? Haikuwa. Basi, akasema, hapo pagumu.

Nikaenda kuisoma sheria yenyewe. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya mtu wa tatu, lakini inachokilazimisha ni fidia ya kifo na majeraha yatokanayo na matumizi ya gari barabarani. Mali ya mtu inalindwa pale tu kampuni ilipoiandika kwenye mkataba, tena kwa kikomo. Nje ya hapo aliyeunguziwa afungue kesi na athibitishe uzembe. Yaani mfugaji apande basi aje mjini kuthibitisha ekzosi ya gari langu ilikuwa na joto kiasi gani!

Na huo moto hauwezi kuitwa bahati mbaya. Kichujio cha moshi cha gari la petroli kinaweza kupita nyuzijoto 500, wakati majani makavu hushika moto kwenye 300 hivi. Kila dereva wa utalii hapa mjini anajua kwamba kiangazi haifai kupaki juu ya majani marefu. California mwaka 2018, trela lililopasuka tairi lilikwangua lami kwa rimu, cheche zikaruka, ukazaliwa moto wa Carr uliokula zaidi ya hekta 90,000. Kule sheria inaruhusu anayewasha moto kwa uzembe adaiwe hata gharama za kuuzima.

Mimi naitaka TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, ilazimishe bima ya mali, yakiwemo malisho, kwa kila gari lenye leseni ya utalii na kila gari la kazi za porini, iwe ni barabarani au nje ya barabara. Malisho ya kijiji hayana risiti, sawa, lakini robota la nyasi lina bei sokoni, na serikali ya kijiji ipo kupokea madai. Hesabu hiyo haishindikani.

Marobota ya yule mzee niliyanunua mwenyewe, nikayapeleka kwa Fuso. Ilipofika siku ya kukata bima upya, nilimwandikia wakala swali moja: nikiunguza malisho nje ya barabara, mnalipa? Alinipigia simu mara mbili kunieleza nisiwe na wasiwasi. Kwa maandishi hajanijibu mpaka leo.