Habari za Fursa Katika Vyuo vya Sheria Zinamfikia Nani?

Habari nyingi zinazotolewa na vyuo vyetu vya sheria hapa Tanzania huandikwa baada ya jambo kwisha. Timu imerudi na kikombe, mhitimu amepata nafasi katika taasisi ya kimataifa, mkuu wa kitivo amempokea mgeni mashuhuri, na picha imepigwa mbele ya jengo la utawala. Sina ugomvi na sherehe hizo, kwa kuwa waliofanya vizuri wanastahili kupongezwa mbele ya watu. Ninachokipinga ni mazoea ya kuishia hapo, kana kwamba habari ipo ili kukipamba chuo, ilhali mwanafunzi wa mwaka wa pili angehitaji kujua, miezi mingi kabla ya picha hiyo kupigwa, timu huchaguliwa lini, nani huichagua, na nauli hutoka wapi.

Mazoea haya yana historia yake. Oktoba 1961, chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam kilipoanza masomo katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, sheria ndiyo iliyokuwa fani pekee iliyofundishwa, na wanafunzi wake hawakufika hata 20. Katika jamii ndogo kiasi hicho habari haikuhitaji utaratibu wowote, maana kila mhadhiri aliwajua wanafunzi wake kwa majina na kila mwanafunzi alijua mwenzake anakwenda wapi. Leo sheria inasomwa Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), Mzumbe, Dodoma, Mwanza, Iringa, Chuo Kikuu Huria na kwingineko, na wanaomaliza kila mwaka ni wengi mno kuweza kujuana. Hata hivyo tunaendelea kupashana habari kama watu wa nyumba moja: mhadhiri humdokezea mwanafunzi anayemfahamu, naye huwadokezea rafiki zake wa karibu, na tangazo likifika kwenye kundi la WhatsApp la darasa zima, mara nyingi siku ya mwisho ya kuomba imekwisha kugonga mlango.

Tuchukue mashindano ya mahakama ya kuigiza, ambamo wanafunzi hujifanya mawakili na kutetea kisa cha kubuni mbele ya majaji, na ambayo ndiyo huvuma kuliko fursa nyingine zote. Yapo ya Jessup, ya sheria za kimataifa, yaliyoanza mwaka 1960 na ambayo fainali zake za kimataifa hufanyika Washington. Yapo pia ya haki za binadamu ya Afrika, ambayo Kituo cha Haki za Binadamu cha Chuo Kikuu cha Pretoria huyaratibu tangu 1992. Katika hayo ya pili, chuo huwakilishwa na wanafunzi wawili tu, na kama hesabu ni ya wanaopanda ndege, basi fursa hiyo si ya kitivo bali ni ya watu wawili. Lakini thamani ya mashindano haya haimo ndani ya ndege. Imo katika kazi ya kukisoma kisa, kuandika hoja za mlalamikaji na papo hapo za mlalamikiwa, na kusimama mbele ya watu wanaokukatiza kwa maswali magumu kabla hujamaliza sentensi. Kisa hutolewa hadharani, na hakuna kinachomzuia mhadhiri wa Iringa au Mwanza kukigawa kwa darasa zima na kuwasikiliza wanafunzi wake wote wakikitetea na kukipinga. Chuo kinachofanya hivyo kimetoa fursa mia mbili kwa gharama ya karatasi, ingawa sijawahi kuona picha ya zoezi la namna hiyo ikitundikwa popote.

Fursa inayonishangaza zaidi kwa jinsi tunavyoipuuza iko Arusha. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, iliyozinduliwa mwaka 2001, iko hapo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilihamia hapo mwaka 2007. Nje kidogo ya mji, eneo la Lakilaki, ipo taasisi ya Umoja wa Mataifa iliyorithi kazi zilizosalia za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda, baada ya mahakama hiyo kufungwa mwishoni mwa 2015. Wanafunzi wa sheria wa nchi nyingi za bara hili wangelazimika kuvuka mipaka ili kuziona taasisi hizo, ilhali wetu wanahitaji basi la kutoka Dar es Salaam au Mwanza. Pamoja na hayo, ninapozungumza na wahitimu wapya wanaokuja kuomba kazi, nakutana na wengi ambao hawajawahi kuambiwa kwamba wangeweza kuomba nafasi ya mafunzo katika taasisi hizo, na baadhi yao walidhani nafasi hizo ni za wageni.

Hapa ndipo uandishi wa tangazo unapokuwa suala la haki. Nafasi za mafunzo katika Umoja wa Mataifa kwa kawaida hazina mshahara, na anayezipata hujigharimia chumba, chakula na usafiri kwa miezi kadhaa. Tangazo linalosema tu kwamba waombaji wanakaribishwa, bila kutaja jambo hilo, humpa moyo mwanafunzi wa Kigoma hadi siku anapopokea barua ya kukubaliwa na kugundua kuwa hawezi kwenda. Nafasi hiyo huangukia kwa mwenye wazazi wanaojiweza au mwenye shangazi Njiro, pale Arusha. Sisemi kwamba chuo kinaweza kumlipia kila mtu. Nasema kwamba tangazo la haki lingetaja bayana kama posho ipo au haipo, makadirio ya gharama za kuishi, barua zinazotakiwa na muda wa kuzipata, na pia lingesema kama chuo kitakubali miezi hiyo ihesabiwe kuwa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo yanayodaiwa na chuo. Jambo hili la mwisho pekee lingewaokoa wengi, kwa sababu wapo waliolazimika kuchagua kati ya nafasi nzuri na alama za mafunzo kwa vitendo.

Arusha ina somo jingine lisilohitaji barua ya maombi. Mwaka 2019 Tanzania iliondoa tamko lililokuwa likiwaruhusu watu binafsi na asasi za kiraia kuishtaki moja kwa moja mbele ya Mahakama ya Afrika, mahakama ambayo iko katika ardhi yake yenyewe. Mwanafunzi anayejiandaa kuomba mafunzo pale angepaswa kulijadili jambo hilo darasani na kuwa na msimamo wake, vyovyote utakavyokuwa, kabla hajaulizwa kwenye usaili.

Kisha kuna habari ambayo vyuo havipendi kuitoa. Mhitimu anayetaka kuwa wakili wa kujitegemea Tanzania Bara hupitia Shule ya Sheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Oktoba 2022 nchi nzima ilishtuka kusikia kwamba kati ya wanafunzi 633 wa mkupuo mmoja, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342, na 265 waliondolewa. Iliundwa kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, lawama zikaelekezwa huku na huko, na maneno ya sapu (mitihani ya marudio) na disko (kuondolewa masomoni) yakatoka mabwenini yakaingia kwenye magazeti. Kilichonisikitisha kuliko takwimu zenyewe ni kwamba kwa wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza hiyo ilikuwa habari ya kwanza kabisa kuhusu shule hiyo. Walikuwa hawajaelezwa masomo yake ni yapi, maswali yake yanatungwaje, wala kwamba anayejibu kwa kukariri nukuu za mhadhiri atakwama pale anapotakiwa kuandaa hati ya madai. Hata habari njema haikufika vizuri: Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu siku hizi ina mwongozo wa mikopo kwa wanafunzi wa Shule ya Sheria, na bado wapo wahitimu wanaokaa nyumbani wakiamini kwamba ada ni lazima itoke mfukoni mwa wazazi. Chuo kinachotangaza kikombe kingetangaza pia wahitimu wake wangapi walifaulu pale Shule ya Sheria kwa mara ya kwanza. Najua kwa nini hakuna anayetangaza.

Fursa za nyumbani nazitaja kwa ufupi, ingawa ndizo zenye nafasi nyingi. Kamati ya Msaada wa Kisheria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianza mwaka 1967, na wanafunzi waliokaa kando ya mhadhiri akimsikiliza mjane anayegombania kiwanja walijifunza mengi kuliko waliyosoma vitabuni. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeipa kazi hiyo utaratibu rasmi. Mabadiliko ya mwaka 2021 nayo yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na hivyo kuna haja ya watu wanaoweza kutafsiri, kuhariri na kuandika maamuzi kwa Kiswahili sanifu. Bado sijaona matangazo ya vyuo yakiitaja kazi hiyo miongoni mwa njia za ajira, ilhali kiini cha ufundi wake ndicho tunachodai kukifundisha.

Kinachohitajika si idara mpya. Kila kitivo kingempa mtu mmoja jukumu la kutunza kalenda ya fursa kwa mwaka mzima, iliyoandikwa kwa Kiswahili na kubandikwa kabla muhula haujaanza, ikiwa na tarehe, gharama, na jina la ofisi ya kuuliza. Sisi mawakili tuliokwisha kuapishwa tungeweza kuchangia upande wa malazi: makampuni ya mawakili ya Arusha na Moshi yakikubali kuwapa hifadhi wanafunzi wachache kila msimu wa fildi, hoja ya shangazi wa Njiro itakuwa imepungua uzito, na chuo kitakuwa na jambo la kuandika kwenye tangazo lake mapema.