Mtu wa Lamu Akienda Venice, Alale Mjini

Miji isiyo na magari si mingi duniani. Sisi tunao wetu, Lamu, na Waitaliano wana Venice, huko kaskazini kabisa mwa bahari ya Adriatic. Kwa hiyo huwa nashangaa mtu wa huku akirudi Italia na kulalamika kwamba Venice ni msongamano mtupu na bei za kuchinja. Ukimuuliza alilala wapi, atakwambia Mestre, bara, kwa kuwa vyumba ni rahisi. Aliingia na treni saa nne asubuhi, akatoka saa kumi alasiri. Basi huyo Venice hakuiona. Aliona watalii wenzake.

Kulala siku mbili ndani ya kisiwa kunashinda siku tano za kuingia na kutoka. Umati hujaa kati ya saa nne na saa kumi. Kabla ya saa mbili u nusu vichochoro ni vya wenyewe: wazoa taka, watoto wa shule, mashua za mboga na za saruji zikishusha mizigo. Punda hawana. Mzigo husukumwa kwa mkokoteni wa magurudumu mawili makubwa, na mbele yake umechomekwa mikono miwili yenye vigurudumu vidogo. Msukumaji akifika kwenye daraja huinamisha mkokoteni, vigurudumu vikashika ngazi ya juu, kisha anapandisha ngazi moja moja. Madaraja yapita 400 na karibu yote ni ya ngazi, kwa hiyo begi lako kubwa la magurudumu litakutoa jasho hata wakati wa baridi. Chukua begi unaloweza kulibeba mkononi bila kupumzika.

Wenye kuja mchana tu, tangu Aprili 2024, hutozwa kiingilio siku za watu wengi: euro 5, na tangu 2025 euro 10 kwa anayechelewa kulipia. Anayelala hotelini hakilipi hicho, lakini hulipa kodi ya mgeni kwa kila usiku, na kwa siku hizo za kiingilio anatakiwa ajisajili mtandaoni apate msimbo wa kusamehewa. Wengi husahau huo msimbo.

Jambo linalowapoteza watu zaidi ni anwani. Mji umegawika mitaa mikubwa sita, nayo ni Cannaregio, Castello, San Marco, Dorsoduro, San Polo na Santa Croce, na nyumba zimehesabiwa kwa mtaa mzima, si kwa njia. Ukiambiwa Castello 3420 hujaambiwa kitu. Mwombe mwenye nyumba jina la kichochoro (wao husema calle) na jina la kituo cha boti kilicho karibu. Simu nayo huchanganyikiwa katikati ya kuta ndefu, ikakupeleka hadi ukingo wa mfereji usio na daraja. Aliyezoea vichochoro vya kwetu, kutoka Mkomani hadi Langoni bila ramani, atatulia. Afuate vibao vya manjano vilivyoandikwa Per Rialto, Per San Marco au Alla Ferrovia, yaani kituo cha treni, na kikimpoteza kichochoro arudi alikotoka.

Boti za abiria huitwa vaporetto, ndizo matatu zao za majini. Tiketi moja ni euro 9.50 na inakwisha baada ya dakika 75, kwa hiyo mwenye kupanda mara tatu kwa siku heri anunue ya siku nzima, euro 25. Igusishe kwenye mashine kabla ya kupanda, hata kama umeshailipia. Tiketi isiyogusishwa ni faini. Laini ya 1 husimama kila kituo cha Mfereji Mkuu. Ipande jioni kutoka Piazzale Roma, pale magari yanapoishia, ukae mbele nje, ufike San Marco kwa muda wa dakika 45 hivi. Laini ya 12 hutoka Fondamente Nove kwenda Murano na Burano.

Sasa gondola. Bei iliyowekwa na mji ni euro 90 kwa dakika 30 mchana, na 110 kwa dakika 35 baada ya saa moja usiku, kwa chombo kizima na si kwa kichwa, abiria wasizidi watano. Kwa maoni yangu, mwenye kuja kutoka kwetu asiingie kwanza. Asimame Dorsoduro, ng'ambo ya mfereji kutoka karakana ya San Trovaso, aangalie zikitengenezwa zikiwa zimepinduliwa, kwa jicho la fundi wa mashua wa Matondoni. Chombo kina urefu wa karibu mita 11, chini bapa, hakina mkuku, na kimepinda makusudi: upande wa kushoto ni mpana kuliko wa kulia kwa sentimita 24. Sababu ni kwamba mpiga kasia ni mmoja, anasimama tezini, na kasia liko kulia peke yake. Mbavu zingekuwa sawa, kila pigo lingekigeuza chombo kushoto. Mahali ambapo sisi tungefunga kishwara, kitanzi cha kushikia kasia, wao huweka forcola, kigogo cha mjozi kilichochongwa mikunjo, na kila mkunjo una kazi yake: kwenda mbele, kurudi nyuma, kugeuka, kusimamisha. Ukishaona hayo, ukataka kupanda, panda ile ya kuvusha, traghetto, pale Santa Sofia karibu na soko la samaki la Rialto. Ni euro 2 hivi na dakika chache. Soko lenyewe ni la asubuhi, na Jumapili na Jumatatu hakuna samaki.

Kuhusu maji, mtu wa Lamu ana faida. Kwetu bamvua hupandisha na kushusha maji karibu mita tatu, na mwenye mashua hapiti mlango wa Mkanda ila maji yakijaa. Venice tofauti ya kawaida haifiki hata mita moja, ndiyo maana wamejenga chini hivyo. Balaa huja bamvua ikikutana na upepo wa kusini-mashariki unaosukuma bahari nzima ya Adriatic kuelekea kaskazini, na kanieneo ya hewa ikiwa ndogo. Novemba 12, 2019 maji yalifika sentimita 187 juu ya alama ya mji ya kupimia maji. Novemba 4, 1966 yalifika 194. Tangu Oktoba 2020 milango 78 ya MOSE, kizuizi chao cha mafuriko, hufunga njia tatu za bahari. Milango hiyo hulala chini imejaa maji, na ikitakiwa hupulizwa hewa ndani, maji yakatoka, nayo ikainuka. Haiinuliwi kwa maji madogo, na uwanja wa San Marco huanza kulowa kwenye sentimita 80. Kwa hiyo kati ya Oktoba na Januari angalia utabiri wa mji kila usiku, na usichukue chumba cha chini.

Mimi ningekwenda Machi, Carnival, sherehe yao ya vinyago, ikiwa imeshapita. Baridi ipo, lakini vyumba hushuka bei.

Chakula hakina shida kwa asiyekula nguruwe, maadamu anauliza. Sarde in saor ni dagaa wakubwa waliokaangwa, wakalazwa kwenye vitunguu vilivyopikwa na siki, zabibu kavu na kokwa za msonobari. Siki hiyo ni ya mvinyo, atakayejali ajue. Kahawa inywe ukiwa umesimama kaunta. Ukikaa kiti cha San Marco unalipia na muziki. Maji ya kunywa ni ya bure kwenye mabomba ya viwanjani. Na kwa wanaouliza kuhusu choo: sheria ya Italia ya mwaka 1975 inataka kila nyumba iwe na bidet, beseni la kujisafishia kwa maji, kwa hiyo hapo tumeshinda kuliko tukienda London.

Kuna doa moja. Mwaka 1951 mji huo ulikuwa na watu wapatao 175,000. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000, na nyumba nyingi zimegeuzwa za kupangishia wageni. Nasema mlale mjini, lakini laleni hotelini au kwenye vyumba vya watawa vinavyokodishwa, si katika nyumba ambayo familia ingekaa. Sisi ambao tunaona majumba ya wageni pale Shela yakifungwa miezi minane tunajua nazungumzia nini.

Viza ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya zenye mpaka mmoja, Italia ikiwemo, ni euro 90, na bima isipungue euro 30,000. Peleka maombi mapema, yasipungue siku 15 kabla ya safari. Pesa nyingi zilizoingia benki wiki ya mwisho huleta maswali, na tarehe za hoteli zisipolingana na za ndege, vivyo hivyo. Wakati wa kurudi, tiketi yako ya vaporetto haifiki uwanja wa ndege. Basi namba 5 kutoka Piazzale Roma ni euro 10.