Fimbo za Gofu za Watengenezaji Tofauti: Nyuzi Kabla ya Nembo

Mchezaji wa gofu anayefika uwanjani akiwa na draiva (fimbo ya kupigia mpira mbali zaidi) ya kampuni moja, fimbo za chuma za kampuni nyingine na weji (fimbo za mapigo mafupi ya juu) za kampuni ya tatu huchukuliwa na wenzake kuwa mtu asiyejua anachokitaka, au aliyeokoteza fimbo kadiri alivyozipata. Mwenye nembo moja mfuko mzima, hata vifuniko vya vichwa vikiwa vya rangi moja, ndiye anayeonekana kuchagua kwa makini. Naiona hukumu hiyo kuwa ya haraka mno, ingawa wanaotetea seti ya mtengenezaji mmoja wana hoja zinazostahili kusikilizwa.

Hoja yao nzito kuliko zote inahusu fimbo za chuma. Kuanzia namba 5 hadi weji inayokuja pamoja na seti, fimbo hizo hubuniwa kama ndugu wa tumbo moja: urefu hupungua takriban nusu inchi kwa kila namba, kichwa huongezeka uzito ili mkono usihisi tofauti wakati wa kuzungusha, na uso wa kichwa huzidi kulala kwa nyuzi (digrii za mwinuko) 3 hadi 5. Anayechomoa namba 6 ya seti moja na kuitia katikati ya seti nyingine anaweza kujikuta na fimbo mbili zinazopeleka mpira umbali uleule. Jicho nalo lina haki yake, kwa kuwa fimbo zenye umbo moja humtuliza mchezaji anaposimama juu ya mpira, na anayeanza hupunguziwa maswali mengi akinunua seti kamili. Katika hayo sina ubishi nao.

Tatizo huanza pale hoja ya fimbo za chuma inaponyooshwa hadi ifunike mfuko mzima. Draiva, yenye kichwa kinachoruhusiwa kufikia sentimita za ujazo 460, hupiga mpira ulioinuliwa juu ya tii, kijiti kinachochomekwa ardhini. Puta huusukuma mpira uende ukibingiria hadi shimoni. Sijawahi kusikia maelezo yanayoridhisha ya kwa nini vyombo viwili vyenye kazi zilizo mbali kiasi hicho lazima vitoke katika karakana moja. Historia ya kampuni zenyewe inaonyesha kinyume. Ping ilianza na puta aliyoibuni mhandisi Karsten Solheim mwaka 1959. TaylorMade ilianza mwaka 1979 kwa kichwa cha chuma cha pua mahali palipozoeleka kichwa cha mbao. Mizuno ilijijengea sifa kwa fimbo za chuma cha kufuliwa. Hata leo puta za Callaway huuzwa kwa jina la Odyssey, kampuni iliyonunuliwa mwaka 1997, na weji za Titleist hubeba jina la mbunifu wake, Bob Vokey. Ukiigeuza fimbo ya nembo unayoiamini, huenda ukakuta mpini umetengenezwa na True Temper au Fujikura na kishikio kimetoka Golf Pride. Mfuko wa nembo moja, kwa hiyo, mara nyingi umekwisha kuchanganywa kabla haujatoka kiwandani.

Lakini jambo linalonishughulisha kuliko yote ni namba iliyochongwa chini ya fimbo. Wachezaji wengi huiamini kama wanavyoiamini namba ya kiatu, ilhali hakuna kanuni inayomlazimisha mtengenezaji kuifungamanisha na mwinuko fulani wa uso. Laza namba 7 mbili sakafuni, moja ya mtindo wa zamani na moja ya kisasa iliyobuniwa kumsaidia mchezaji wa kawaida: ya kwanza itakuwa na nyuzi 34 au zaidi kidogo, ya pili 28 au 29, na mara nyingi itakuwa ndefu pia. Hiyo ya pili ni namba 6, pengine hata 5, ya miaka iliyopita, iliyobadilishwa jina. Mpira huenda mbali zaidi na mnunuzi hufurahi, bila kujua kwamba gharama yake imesukumwa hadi mwisho wa seti. Weji ya seti, iliyokuwa na nyuzi 48 hivi, sasa katika seti nyingi ina 43 au 44, wakati fimbo ya kutolea mpira mchangani imebaki pale pale kwenye 54 hadi 56. Katikati limebaki pengo la nyuzi 10 na zaidi, kwenye umbali mfupi unaoamua alama za mchezaji.

Mwenzangu mmoja alinunua seti mpya ya nembo moja na kwa miezi kadhaa alilalamikia mikono yake. Weji ya seti ilimpa mita 110, inayofuata 80, na kila alipobakiwa na mita 95 alilazimika kuipunguza nguvu ile ya kwanza. Mpira ukawa unapita au unafia njiani. Nembo moja haikumkinga na pengo hilo, ilimfanya tu asilitafute. Anayechanganya fimbo huku akipima hulazimika kuuliza nyuzi, urefu na uzito wa mpini kabla ya kununua, na kwa kuwa kanuni zinaruhusu fimbo 14 tu, hawezi kuipa nafasi fimbo inayorudia kazi ya nyingine.

Mfano unaotajwa sana ni wa mchezaji wa kulipwa Brooks Koepka, aliyeshinda US Open, mashindano makubwa ya gofu ya Marekani, mwaka 2017 na 2018 akiwa na draiva ya TaylorMade, fimbo za chuma za Mizuno na weji za Vokey, baada ya Nike, ambayo alikuwa akitumia fimbo zake, kuacha kuzitengeneza mwaka 2016. Nisingeuegemea sana, maana mchezaji wa kulipwa ana mafundi wa kumpimia kila kitu. Funzo lake kwa mchezaji wa kawaida liko kwenye kule kupimwa. Fimbo za chuma zikae familia moja. Draiva, weji na puta kila moja ishindanie nafasi yake.

Mwenzangu hatimaye aliongeza weji ya nyuzi 50 ya mtengenezaji mwingine, yenye mpini wa uzito uleule wa seti yake, na akaitoa fimbo ndefu ya chuma ambayo hakuwa akiigusa. Sasa mita 95 anazipiga kwa mzunguko kamili.