Dobrosin si chenji ya kurudishiana

Kuna jamaa nimemsikia juzi anaongea kwa kujiamini kabisa, eti suala la Kosovo ni dogo, Serbia ipewe kaskazini ya Kosovo kwenye Waserbia wengi, Kosovo ipewe Bonde la Preševo, kusini mwa Serbia kwenye Waalbania wengi, yaishe. Nina hasira nalo mpaka leo. Na wazo si lake, mwaka 2018 Vučić, rais wa Serbia, na Thaçi, rais wa Kosovo wakati huo, walilizungumza waziwazi na wakubwa wa nje wengine wakaona sawa tu. Mtu wa Dobrosin aliulizwa na nani?

Dobrosin ni kijiji kidogo cha Waalbania katika wilaya ya Bujanovac, kwenye bonde hilohilo, ukipiga hatua kidogo uko Kosovo. Juni 1999, vita vya Kosovo vilipoisha, wenye vyeo wa NATO na wa Yugoslavia (Serbia ilikuwa humo bado) walikaa Kumanovo, Makedonia, wakachora ukanda wa kilomita 5 kando ya mpaka wa Kosovo ambao jeshi la Yugoslavia marufuku kuingia, wabaki polisi wenye silaha ndogo, na kijiji kikajikuta humo ndani. Januari 2000 ndugu wawili wa pale wakauawa kwa risasi, wenyeji wanasema walikuwa wametoka kukata kuni, na kwenye mazishi yao ndipo wapiganaji wa UÇPMB, waasi wa Kialbania wa bondeni, wakajitokeza hadharani na magwanda. Wanakijiji wengi wakakimbia. Silaha zikawekwa chini Mei 2001 kwa makubaliano ya Končulj.

Haya, nakubali, wapiganaji wale nao waliua, na Waserbia wa Kosovo nao wamelizwa sana.

Ila kinachoniuma ni cha sasa hivi, hakina hata risasi. Polisi wanapita bondeni kukagua anwani, wakikuta haupo wanaandika huishi hapo, anwani inafutwa. Wengi wanajua siku wanapoenda kubadilisha kitambulisho. Bila anwani hakuna kitambulisho, bila kitambulisho hupigi kura, pensheni shida, hata kuuza shamba la baba yako shida! Medveđa, wilaya nyingine ya huko, ndiko wamelia zaidi. Jamani, mtu ameenda Uswisi au Ujerumani kwa sababu kwao hakuna ajira, na cheti alichosomea Pristina, mji mkuu wa Kosovo, kwa lugha yake kukitambulisha Serbia ni kesi ya miaka, anatuma hela, anapandisha nyumba tofali kwa tofali, kila kiangazi anarudi na watoto, halafu aambiwe yeye si wa pale? Sisi wa ughaibuni tunaojenga kwetu kidogokidogo tunalijua hilo vizuri, nani kati yetu angekubali?

Serikali inajibu kwamba ni sheria ya makazi ya 2011 na ni ya raia wote. Basi watoe hesabu, wamefuta Waserbia wangapi wanaoishi Vienna? Sensa ya 2011 Waalbania wengi waliigomea wakalaumiwa, ya 2022 wakajitokeza, wakahesabiwa zaidi ya 60,000 nchi nzima. Wamehesabika, sasa warudishiwe anwani zao zote, na anayefutwa apewe barua mkononi kwa Kialbania na muda wa kukata rufaa kabla jina halijaondoka. Hayo ya mipaka yatangoja.