Usiriampu gitaa la mtu bila mwenyewe kuwepo

Masika ya mwaka jana nilirekodi solo ya mzee mmoja wa dansi chumbani kwangu Magomeni, mvua ikipiga bati kama inataka kuingia ndani. Siku hiyo maikrofoni isingefaa kitu. Nikachomeka gitaa lake moja kwa moja kwenye intafesi, kifaa cha kuingiza na kutoa sauti kwenye kompyuta, sauti ikaingia ikiwa kavu kabisa. Hakuna amplifaya wala mwangwi, ni nyuzi na pikapu tu, zile sumaku za gitaa zinazonasa mtetemo wa nyuzi. Mvua haikusikika hata tone moja. Kwenye hedifoni nilimwekea amplifaya ya programu yenye dilei kidogo, yaani mwangwi unaorudia noti, apate raha ya kupiga. Akapiga mara mbili, akanywa chai, akaondoka.

Siku tatu baadaye mvua ikapumzika, nikairiampu ile solo. Kwa ambaye hajawahi kulisikia neno hili, kuriampu ni kuitoa ile sauti kavu kwenye kompyuta na kuipeleka kwenye amplifaya ya kweli, kana kwamba mpigaji amekaa hapo anapiga. Unaweka maikrofoni mbele ya spika na kurekodi upya. Kwa sisi wenye studio za nyumbani ni neema kubwa. Mtu anaweza kupiga saa sita usiku bila kumwamsha jirani, amplifaya ikafunguliwa kesho mchana watu wakiwa kazini.

Nilishinda kwenye kazi ile tangu asubuhi hadi alasiri. Nikapata sauti kali, safi, inayopenya katikati ya ngoma na besi, nikamwita mzee aje asikilize. Alikaa kimya mpaka mwisho, akaniomba nirudishe sehemu ya katikati.

"Kijana wangu, mbona hapa kuna shimo?"

Sikuliona shimo. Akachukua gitaa, akanipigia kile kipande taratibu. Kila alipomaliza kifungu alikuwa anaacha nafasi ya mapigo mawili hivi.

"Hapa nilinyamaza makusudi, mwangwi unijibu. Wewe umemwondoa mwenzangu."

Ile dilei niliyomwekea masikioni mimi niliihesabu kuwa pambo tu. Kumbe yeye alikuwa anaongea nayo. Vidole vilifuata kile masikio yalichosikia, na mimi nilikuwa nimebakiza nusu ya mazungumzo. Akainama mwenyewe kwenye amplifaya, akapunguza trebo, ule ukali wa sauti za juu, karibu nusu, akaisogeza maikrofoni kutoka katikati ya koni, ile karatasi ya spika, kuelekea pembeni, kama upana wa vidole vitatu. Hakugusa kitu kingine. Katikati ya koni ndiko ukali uliko, na ukienda pembeni sauti inakuwa nzito na laini zaidi. Hilo nalijua miaka mingi, lakini sikujua kwamba yeye ndivyo anavyojisikia akipiga.

Tangu hapo nina msimamo ambao baadhi ya maprodyuza wenzangu hawaupendi: gitaa lisiriampiwe bila mpigaji kuwepo chumbani. Wanasema sauti kavu ni mali ghafi, prodyuza aifinyange atakavyo. Mimi naona anayepiga solo hatupi noti tupu. Nguvu ya mkono, urefu wa noti, mahali anaponyamaza, vyote amevipima kwa sauti aliyokuwa anaisikia. Ukiibadilisha sauti hiyo akiwa hayupo, umempa maneno asiyoyasema.

Sisi tuliokulia dansi tunalijua hili bila kufundishwa. Bendi nyingi za miaka ya 1970 zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam zikipiga pamoja studioni, na ulichopiga siku hiyo ndicho kilichobaki kwenye tepu. Ndiyo maana gitaa la Mbaraka Mwinshehe unalitambua kabla hajaanza kuimba. Isitoshe, kwenye dansi magitaa yanapeana nafasi: solo juu, ridhimu katikati, na la tatu likipita kati yao. Ridhimu ikiongezwa ung'avu kidogo tu inakanyaga solo, na wapigaji wenyewe walishagawana nafasi hizo kwa masikio tangu mazoezini.

Sisemi watu waache kuriampu. Narekodi sauti kavu kila kipindi, hata amplifaya ikiwa imewashwa na maikrofoni ipo mbele yake, maana ni akiba isiyo na gharama. Nahakikisha tu kilele chake hakizidi desibeli -10 hivi kwenye kipimo cha kompyuta, ambako sifuri ndiyo kikomo, kwa sababu sauti kavu ikishapasuka hakuna amplifaya itakayoiponya.

Kuna jambo moja la vifaa ambalo watu wanalipuuza kila siku. Ukitoa waya kwenye tundu la kutolea sauti la intafesi na kuuchomeka moja kwa moja kwenye amplifaya, sauti itatoka, lakini haitakuwa ya gitaa. Pikapu za kawaida hutoa umeme dhaifu wenye impidansi (ukinzani) kubwa, na amplifaya imetengenezwa kupokea umeme wa aina hiyo. Intafesi inatoa umeme wenye nguvu zaidi na impidansi ndogo. Matokeo yake amplifaya inaanza kukwaruza mapema, na mara nyingi unapata mvumo wa hezi 50 kwa sababu waya wa ardhi wa kompyuta na wa amplifaya vimefanya mzunguko. Kinachotakiwa ni kile kisanduku cha kuriampia, ambacho John Cuniberti, fundi sauti wa Marekani, alikiingiza sokoni miaka ya 1990. Vingi vina transfoma ndani inayotenganisha pande hizo mbili, pamoja na kitufe cha kupunguza nguvu. Kitufe hicho usikikisie. Mwambie mpigaji achomeke gitaa lake kwenye amplifaya na apige kodi moja, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kwa nguvu yake ya kawaida, kisha rudisha kodi hiyohiyo kutoka kwenye kompyuta na uzungushe mpaka zilingane. Hapo tena mwenye gitaa anahitajika.

Na kabla ya noti ya kwanza weka mlio mfupi, tiki moja tu, mwanzoni mwa treki kavu. Ukishariampu, utaiona tiki ile imechelewa kiasi gani, usogeze treki mpya irudi mahali pake. Sauti hutumia kama milisekunde 1 kusafiri sentimita 34 hewani, na kompyuta nayo ina ucheleweshaji wake. Kwenye sebene, gitaa likichelewa milisekunde 10 tu mpiga ngoma ataonekana ana haraka.

Yapo pia ambayo kisanduku hakiyarudishi. Mpigaji akisimama karibu na amplifaya iliyofunguliwa sana, spika inazitikisa nyuzi na noti inaendelea kulia yenyewe. Kwenye kuriampu nyuzi hazipo tena, kwa hiyo noti inakufa pale ilipofia siku ya kurekodi. Pedali za zamani za fuzi, vile vikanyagio vya kukwaruzisha sauti, nazo zinategemea kuunganishwa na pikapu zenyewe. Ukipunguza volyumu ya gitaa zinasafika kwa namna ambayo sauti iliyopita kwenye intafesi mara nyingi haiifikii. Mpigaji wa namna hiyo namrekodia na amplifaya palepale, jirani nitaongea naye.

Siku hizi ninahifadhi treki mbili kwa kila gitaa, ile kavu na ile aliyoisikia mpigaji masikioni. Wa mbali tunapatana siku, na asiyeweza kufika namtumia vipande kwa simu, anaagiza, mimi nazungusha vitufe. Solo ya mzee tuliiriampu upya Jumamosi iliyofuata. Alikuja na pedali yake ya dilei kwenye mfuko wa rambo, kifuniko cha betri kimefungwa kwa selotepu, akaiweka kati ya kisanduku na amplifaya, akatafuta kasi ya mwangwi kwa kugonga mguu sakafuni. Kile kipande cha katikati kilipofika, alinyanyua mkono tusiongee.