Picha Yangu ya Jangwani Haikupigwa Rufiji

Juzi nimetumiwa bango la warsha ya kukabiliana na maafa. Juu kabisa kuna picha ya mama aliyejitwika godoro, maji yamemfika magotini, ndala kazishika mkononi. Chini yake wameandika: "Mafuriko, Rufiji, 2024." Picha ile niliipiga mimi. Niliipiga Jangwani, Dar es Salaam, Aprili 2018, asubuhi, mvua ikiwa imekatika kidogo.

Sidai hela wala jina. Mimi napiga picha siku nisizokwenda kazini, na kamera yangu niliinunua mkononi mwa mtu. Niliwaandikia kwamba mahali na mwaka vimekosewa, nikidhani watashukuru na kurekebisha. Jibu likaja: mafuriko ni mafuriko tu, ujumbe ni uleule.

Hapana. Ujumbe si uleule, na hapo ndipo panaponiuma.

Maji ya Jangwani ni ya Mto Msimbazi. Yanateremka kutoka vilima vya Pugu, yanakatiza jiji yakizoa mchanga na taka, na mvua kubwa ya usiku mmoja inatosha kuyaingiza vyumbani. Maji ya Rufiji yanatoka mbali: Kilombero, Ruaha Mkuu, Luwegu. Yakishatandaa mashambani hayana haraka ya kuondoka. Warufiji wameishi nayo vizazi na vizazi. Yakipungua wanalima mlau, yaani kilimo cha kwenye tope lililobaki, kwa hiyo mafuriko ya kiasi kwao ni neema, yanayopitiliza ndiyo msiba. Mwaka 2024 ubishi mkubwa kule Rufiji na Kibiti ulihusu maji yaliyofunguliwa kutoka Bwawa la Julius Nyerere, lililo kwenye mto huohuo wa Rufiji. Mama wa Jangwani bwawa hilo halimhusu. Ukimsimamisha pale awe shahidi, umemziba mdomo mtu wa Rufiji ambaye shamba lake ndilo lililozama, na swali lake limezama pamoja nalo.

Halafu picha wameikata. Katika picha yangu, nyuma ya yule mama kuna ukuta, na kwenye ukuta kuna X nyekundu. Mkazi yeyote wa Dar anaijua alama hiyo. Ni ya bomoabomoa ya bonde la Msimbazi, ile iliyoanza Desemba 2015. Nilijibanza kwenye ngazi ya duka lililofungwa, nikasubiri mpaka mama afike usawa wa ile X ndipo nikabonyeza. Nyumba imeambiwa ivunjwe, bado imesimama, na mwenyewe bado anaokoa godoro. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 kuna waliopewa viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji, na kuna waliorudi bondeni kwa sababu riziki yao iko Kariakoo, mwendo wa miguu. Hayo yote yamo kwenye ule ukuta. Wao wamebakiza godoro na maji, kwa kuwa godoro na maji vinafaa popote.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba picha ya zamani inaweza kumgusa mtu akatoa mchango, na mchango ukamfikia mhitaji. Lakini huyohuyo akija kugundua kwamba picha ilikuwa ya kwingine, safari ijayo ataona ya kweli naye ataipita.

Tusisingizie tu kompyuta zinazotunga picha. Hizo ni hatari, sawa. Ila hii yangu haikuchorwa na mashine. Ni ya kweli kila sehemu, imedanganya kwa maneno matatu yaliyowekwa chini yake. WhatsApp nayo, ukituma picha kwa njia ya kawaida, inafuta ile taarifa ya siku na mahali iliyofichwa ndani ya faili. Ikishapita mikono miwili mitatu haina tena cheti cha kuzaliwa. Kwa hiyo siku hizi naandika mahali na tarehe juu ya picha yenyewe, pembeni, hata kama inaharibu sura yake. Nawasihi wenzangu mnaopiga picha kwa simu mitaani mfanye hivyo. Na wewe unayesambaza, uliza kwanza imepigwa wapi na lini. Ukikosa jibu, iache ikae kwenye simu yako.

Miezi michache baada ya ile Aprili nilisafisha nakala moja nikampelekea yule mama. Alikuwa anachambua mchele mlangoni. Akaishika picha kwa ncha za vidole, akaitazama kitambo, asiseme kitu kuhusu godoro wala uso wake. Akaweka kidole kwenye ile X. Kisha akaigeuza upande mweupe, akanirudishia.

"Niandikie hapa nyuma, mwanangu. Jangwani, na mwaka. Wajukuu wajue ilikuwa wapi."